Yah: Kuomba Mpaka Wangu Upindishwe Tena

Kwa Ndugu Afisa Ardhi wa Wilaya,
Kyela.

Basi ni lile jiwe la tatu. Hayo mengine sina neno nayo, yakae, mvua iyanyeshee. La kwanza liko barabarani, watu wanalikalia wakisubiri bajaji. La pili liko chini ya mkokoa wangu mkubwa, halinisumbui. La nne liko karibu na maji. Lakini lile la tatu, mwanangu, lile limenitoa nyumbani kwangu, na leo ni wiki ya tatu nalala kwa Felista.

Felista ndiye anayeandika. Mimi sikusoma. Nilipelekwa shule siku mbili, siku iliyofuata ndama akapotea, nikatumwa kumtafuta, na tulipompata wenzangu walikuwa wameshafika mbali. Felista ni katibu wa akina mama kanisani na mwandiko wake unasomeka mpaka Tukuyu. Ananiambia barua ya ofisini haianzi na jiwe, inaanza na salamu na jina. Haya. Ugonile, mwanangu. Mimi ni Yunis, mjane wa Ezekiel, wa hapa Ikolo, na kiwanja changu kwenye makaratasi yenu ni namba mia moja na kumi na nne. Tulitangaziwa mkutanoni kwamba mwenye pingamizi alilete kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mawe yanamwagiwa zege, na likishamwagiwa zege jiwe halisikilizi mtu tena. Leo ni Jumatano. Kwa hiyo nivumilie nikienda mbiombio.

Felista anasema tena malalamiko yawe na namba, ndivyo wakubwa wanavyosoma, wanaruka kutoka namba hadi namba kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Sawa.

1. Mstari wenu umenyooka.

Alikuja mpimaji wenu, Bwana Jubilate, mtu wa ndevu na adabu zake, simsemi vibaya. Alikunywa chai kwangu, ndizi akala, na sahani akairudisha mwenyewe. Ana fimbo ndefu yenye kitu kama uyoga kichwani. Akausimamisha ule uyoga, akangoja, ati unaongea na vyombo vilivyoko juu mawinguni, kisha akaja kuniambia, "Bibi, mpaka wako umepinda mara saba." Nikamwambia najua, ndivyo ulivyo. Akasema, "Tutaunyoosha. Mpaka ulionyooka unapunguza ugomvi."

Sasa sikiliza. Jirani yangu upande ule ni shemeji yangu Angetile, mdogo wake marehemu mume wangu. Mimi na Angetile tumekaa na mpaka uliopinda miaka zaidi ya arobaini na hatujawahi kugombana. Hapana, tuligombana mara moja, kwa ajili ya mbuzi, lakini yule mbuzi hakuwa mpakani, alikuwa ndani ya sufuria. Sasa mpaka umenyooka wiki tatu na hatupeani hata salamu, ni kejeli zake tu. Akipita barabarani anaangalia mlima, mimi naangalia ziwa. Ndiyo huo ugomvi uliopungua.

Na kabla ya kunyoosha aliniuliza vizuri tu, lazima niseme ukweli. Alikuwa na karatasi ya maswali. "Bibi, nani alikupa ardhi hii?" Nikanyamaza. Akauliza tena kwa sauti kubwa, akidhani masikio yangu yamezeeka. Nikamwambia, "Ni yule." "Yule nani, bibi?" "Yule mwenye nyumba iliyokuwa kule." "Jina lake sasa." Nikaangalia chini. Mwanangu, wewe sijui kwenu ni wapi, lakini huku kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa hai, hatamki akiwa amekufa, na kama jina linafanana na jina la chakula, basi hicho chakula unakionyesha kwa kidole. Bwana Jubilate akangoja, kalamu hewani. Kisha akauliza, "Na hii mipindo saba, aliiweka nani, kwa nini?" Jibu lilikuwa lile lile, na mimi nikanyamaza vile vile. Angetile angeweza kulisema, ni baba yake, lakini siku hiyo Angetile alikuwa amekwenda Kyela kuuza mpunga. Basi mpimaji akaandika, na baadaye Felista alinisomea: Sababu ya mipindo haijulikani.

Inajulikana. Inajulikana sana. Ni mdomo tu haukuruhusiwa. Mimi niliheshimu, yeye akaandika ujinga.

2. Mmeniweka kiwanja kimoja na baba mkwe wangu.

Hili ndilo lenyewe. Felista, lipigie mstari. Mstari uliopinda, kama unaweza.

Niliolewa hapa mwaka mmoja kabla ya Operesheni Vijiji. Nilikuwa na miaka kumi na saba, simjui mtu, nimetoka kwetu Katumba Songwe na kikapu na hofu. Kwetu sisi mkwe na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawakai nyumba moja, hawapiti njia moja, akitokea huku wewe unaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka apite. Vijana wa siku hizi wanakaa sebule moja na baba mkwe wanaangalia mpira, sisemi neno, kila mtu na zama zake. Mimi ni wa zama zangu.

Sasa nyumba ya Ezekiel ilijengwa upande huu, ya baba yake upande ule, na maji yako chini, na njia ya kwenda kwenye maji ilikuwa moja. Siku zile za kwanza nilipata tabu. Nikienda kuteka, yuko. Nikirudi, yuko. Nilisimama migombani na ndoo kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani. Sikumlalamikia mtu. Lakini yule mzee aliona kwamba maji kwetu yanafika jioni, akaelewa.

Akafanya hivi. Alimvalisha mama mkwe khanga yangu. Akamtwisha chungu. Mkononi akampa machipukizi ya migomba. Kisha yeye mwenyewe akakaa mlangoni kwake, kwenye kigoda chake, mahali anapokaa kila siku, akasema, "Tembea uende majini kama wewe ndiye mke wa Ezekiel." Mama mkwe anatembea. Mzee akimwona, anapiga kelele, "Nakuona!" Mama anasogea mbali. "Nakuona bado!" Anasogea tena, anazunguka kichuguu, anashuka nyuma ya mwembe ule ulioanguka. Mzee akinyamaza, mama anajua hapo haonekani, anaangusha chipukizi. Walianza asubuhi wakamaliza jua linazama, na mama mkwe alikuja kuniambia baadaye kwamba siku ile alimtukana mumewe moyoni hatua kwa hatua mpaka matusi yakamwishia, akaanza kuimba. Kesho yake machipukizi yakapandwa. Huo ndio mpaka. Huku kwetu, kule kwake, na njia yangu ya maji ndani ya migomba. Mipindo saba ni mahali saba ambapo mzee alimwona mkewe.

Kwa hiyo usiniambie haukupimwa. Ulipimwa. Ninyi mnapima pale jiwe linapoonana na jiwe. Yeye alipima pale mtu asipoonekana. Vyote ni vipimo.

Na mipaka yetu iliheshimika. Miaka kumi na minne sikuwahi kuuona uso wake. Nilijua nyayo zake, ule wa kushoto unatazama nje. Nilijua harufu ya kiko chake. Alikuwa mtu mzima mwenye ng'ombe, mwenye kauli, watu wanasimama akipita, na mtu huyo alikaa mlangoni kutwa nzima akipiga kelele nakuona, nakuona, ili msichana mgeni asione aibu. Wanawake wengine wanasimulia walivyopendwa na waume zao. Mimi Ezekiel alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kunipindia kitu.

Mzee alipofariki akazikwa upande wake, karibu na mpaka, kwenye ule mpindo wa tano. Mimi nililia nikiwa nyuma ya nyumba, mgongo umegeuka, kama inavyotakiwa.

Sasa Bwana Jubilate amenyoosha. Jiwe la pili na jiwe la tatu yakavutiwa kamba, migomba yote ya katikati ikafyekwa ati jiwe lione jiwe, na mpindo wa tano, na mzee wangu ndani yake, wakaangukia upande wangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Walipoangusha mgomba wa mwisho, mwanangu, mahali pale pakaniangalia.

Hakukuwa na kitu katikati yetu. Hatua kumi na moja.

3. Jikoni kwangu sifiki.

Mlango wa jiko langu unatazama kule. Sikuweza kuingia, sikuweza kutoka. Nilitoka kwa kurudi nyuma, kinyumenyume, mpaka nikagonga tanuri la matofali. Siku ya pili nilijaribu kuingia jikoni nikiwa nimejifunika khanga usoni, nikaunguza mkono na dagaa wangu wa usipa wote wakamwagika, paka wa Angetile akala. Siku ya tatu nikahamia kwa Felista.

Lakini kuku wangu wako kule, na mpunga uko kule, na mtu ana vitu vyake. Njia pekee ya kufika nyuma ya nyumba bila kuonana ni kwenda mpaka barabara kuu, kupita wanaponunulia kokoa, kuzunguka kanisa, na kuja na upande wa mto. Nusu saa na zaidi, na goti langu moja ni la bandia kwa tabia, si kwa hospitali. Juzi nikapanda bodaboda. Dereva akaniuliza, "Bibi, unatoka wapi?" Nikamwambia nyumbani. "Unakwenda wapi?" Nikamwambia nyumbani. Akazima pikipiki, akaniuliza kama kuna mtu wa kumpigia simu.

Mwanamke wa miaka yangu anapanda bodaboda kwenda jikoni kwake. Liandikeni kwenye taarifa zenu za maendeleo.

4. Hili nimelisahau. Felista, acha nafasi, litarudi.

5. Mmenifanya nimmiliki.

Mkutanoni mlitusomea kwamba mwenye hati anamiliki kiwanja na vyote vilivyomo. Nilipiga makofi na wenzangu. Nilipofika nyumbani nikaketi, nikaanza kuwaza vilivyomo. Nyumba, imo. Mikokoa, imo. Kuku, wamo. Baba mkwe, yumo.

Mkwe anammiliki baba mkwe. Nimewauliza wazee wote waliobaki hapa Ikolo, hakuna aliyewahi kulisikia jambo hilo, hata enzi za malafyale, machifu wetu, ambao walikuwa wanaweza kumiliki karibu kila kitu. Na si hilo tu. Mkutanoni mlisema pia kwamba hati inaweza kwenda benki kuchukulia mkopo, na mtu akishindwa kulipa, benki inachukua kiwanja. Mimi mkopo sichukui. Lakini mimi ni mzee. Mwanangu Daniel atarithi, na Daniel anapenda sana pikipiki. Atakopa. Atashindwa. Na benki itakuja kumchukua babu yake, itampiga mnada, na mtu wa mbali atamnunua asiyejua kwamba mzee hakai uso kwa uso na wakwe. Huyo mtu naye ana mke. Mwaona linakokwenda?

Tena kuna fomu ya majirani kutia saini kwamba wanakubali mpaka. Angetile ametia. Mimi nimeweka dole gumba kwa makosa, nilidhani ni mahudhurio. Lakini jirani mkubwa kuliko wote hakuulizwa. Yuko pale pale, jiwe liko jirani na kichwa chake, na hakuna aliyemtaka kauli.

6. Angetile anafurahi.

Mstari ulionyooka unachukua huku unatoa kule. Kwenye mpindo wa tano mimi nimepata mzee. Kwenye mpindo wa saba, chini kwenye maji, Angetile amepata magimbi yangu. Alikuja kusimama pale barabarani mikono nyuma, akaniambia mbele ya watu, "Shemeji, tumebadilishana. Wewe chukua baba, mimi nichukue magimbi." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Angetile, huyo ni baba yako." Akasema, "Alikuwa. Sasa ni namba mia moja na kumi na nne."

Siku nyingine amenipigia kelele kutoka kwenye mpunga, "Shemeji, baba anasema jikoni hakuna moshi siku nyingi, je, unaumwa?" Huyu mtu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Nilimtoa funza.

Nikamwendea mchungaji. Mchungaji akasema, "Mama, kifo kinamaliza mambo hayo, sasa uko huru." Nikamwuliza, "Yeye ameambiwa?" Mchungaji akasema, "Nani?" Nikasema, "Yeye." Maana mimi nikiacha, na yeye kule aliko bado anageuza uso kila nikipita, nani atakuwa hana adabu? Mchungaji akasema ataliombea. Bado analiombea.

Angetile naye akaja na kuku, ati ni wa kutufungulia mwiko mimi na mzee, anatoa yeye kwa niaba ya baba yake. Nilimtazama yule kuku. Alikuwa na jicho moja na anapumua kwa kukoroma. Heshima ya miaka hamsini haimalizwi na kuku anayetafuta mahali pa kufia. Nikamrudishia.

Kwa hiyo nasema wazi, na Felista andika kwa herufi kubwa kama unaweza: HAKUNA SERIKALI, HAKUNA KANISA, HAKUNA KUKU ATAKAYENIFIKISHA PALE. Nitakufa kwa Felista. Felista anasema karibu, lakini sauti yake si ya karibu sana.

Namba nne imerudi. Andika hapa hapa, wataelewa.

4. Mto Songwe.

Mimi ni mzaliwa wa Katumba Songwe, mto ule naujua. Ule ndio mpaka wetu na Malawi. Na kila masika ule mto unahama. Leo unapita huku, mwakani umekata kona, shamba la mjomba wangu lililala Tanzania likaamka ng'ambo na mahindi yake. Je, mliwahi kuja na uyoga wenu kuunyoosha? Hamkuja. Nasikia wakubwa wa nchi mbili wanakaa mezani, wanakunywa maji ya chupa, wanaujadili ule mto kwa upole, kwa nini umepinda, ulitaka nini, ufanyiwe nini. Mpaka wa mataifa mawili yenye majeshi unaruhusiwa kupinda kwa sababu ya maji tu. Wangu ulipinda kwa sababu ya adabu, mmeukata siku moja, kabla ya chai kupoa.

Sasa maombi yangu, mwanangu. Sina makubwa.

Kwanza, urudisheni mpaka ulivyokuwa, na machipukizi nitatoa mimi mwenyewe, ninayo mengi, msiingie gharama.

Ikiwa mstari ukishanyooka haupindi tena, basi mkatieni mzee kiwanja chake ndani ya kiwanja changu. Hatua tatu kwa mbili zinamtosha, hakuwa mnene. Apewe namba yake, mawe yake manne, na hati kwa jina lake, ambalo atakuja kulitaja Angetile. Na mzunguke kiwanja hicho kwa migomba.

Ikiwa nalo halifai, basi pimeni upya Ikolo nzima kwa njia yake yeye. Haihitaji uyoga. Inahitaji baba mkwe mmoja, kigoda, mwanamke mmoja mvumilivu na kutwa moja. Kila nyumba ipimwe hivyo. Vijiji vyenu vitakuwa vimepindapinda kama utumbo wa mbuzi, nakubali, na ramani haitapendeza ukutani. Lakini hakuna mwanamke atakayesimama migombani na ndoo kichwani, na hilo mimi naliita upimaji. Mkimaliza Ikolo mwende wilaya nzima. Mkimaliza wilaya, ile meza ya Songwe nayo ijaribu: wakae watu upande huu, watembee watu upande ule, na pale wasipoonana ndipo mto upite.

Na ikiwa yote haya hayawezekani, basi tafadhali niandikie barua rasmi, yenye muhuri, ya kwenda kwa baba mkwe wangu, kumweleza kwamba si mimi niliyefanya hivi.

Nakusalimia sana. Msalimie mkeo. Kama baba yako yu hai msalimie, na uniambie mkeo huwa anapita wapi. Wasalimie wote wa ofisini, na Bwana Jubilate mwambie kisu chake alikisahau kwangu, kiko kwenye paa la jiko, upande ambao mimi sifiki. Ndaga fijo kwa kunisikiliza, maana huku wamechoka.

Ni mimi niliyesema, na Felista akaandika:
Yunis, mjane wa Ezekiel, kiwanja namba 114, ambaye kwa sasa hayumo.

(Dole gumba. Hiyo rangi ni kokoa, si uchafu.)

Nyongeza. Felista usikunje kwanza. Huyo anayeita barabarani ni Asifiwe, mke wa Daniel. Anasema niende mbio. Mpimaji amekuja leo, amesikia maneno yangu kutoka kwa watu wa bodaboda. Yuko pale kiwanjani kwangu na Angetile na karibu nusu ya kijiji. Anasema kaburi la ukoo anaruhusiwa kulizungushia mstari, kwa nini hawakumwambia mapema, atalizungushia leo leo, ila aonyeshwe lilipo ndipo apige alama. Na hakuna anayejua. Tuta lilishalala na mafuriko zamani, hakuna jiwe wala msalaba, migomba iliyokuwa alama wameifyeka wenyewe. Asipoonyeshwa, anaondoka, na Ijumaa ni zege.

Angetile ameonyesha. Asifiwe, ameonyesha wapi? Penye kisiki? Aa! Pale tulimzika ndama! Angetile baba yake alipokufa alikuwa Zambia kwenye migodi, amerudi matanga yamekwisha, ataonyesha nini? Na wale wazee wengine? Mmoja anasema huku, mmoja anasema kule. Wamekuwa wanapita pale miaka yote bila kuangalia, watajuaje? Mtu anayejua mahali ni yule anayepakwepa. Mimi nikifumba macho najua kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, na ule wa kushoto unatazama wapi.

Asifiwe, wewe unayewaona toka hapo barabarani, wapigie kelele wasogee hatua nne kuelekea ziwani. Wamesogea? Wamepita sasa, warudi. Hapo wanamkanyaga, waambie watoke, watoke wote!

Felista, nipe hiyo fimbo. Pale nilipotaja serikali na kanisa na kuku, usifute, wino ni ghali. Andika chini yake tu kwamba nimekwenda. Asifiwe, mwambie Bwana Jubilate asipige alama yoyote, anisubiri. Nakuja kusimama mwenyewe.